Njiwa Ndani ya Sufuria ya Kamanda

Kijiwe chetu ni viti vinne vya mianzi mbele ya duka la chai la Lao Yan, hapa Zigong, Uchina. Kwa Lao Yan hupigi kelele. Ukitaka maji unaweka kifuniko cha kikombe pembeni, naye anakuja na birika linalochemka. Hapo kila alasiri tunaongoza majeshi ya dunia bila mshahara. Kamanda alipika jeshini miaka kumi na minane, na kisu alichokishika ni cha vitunguu tu. Redio hana redio, ana simu, na kwa video hakuna droni ya Uchina asiyoijua. Mhandisi alikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha chumvi. Wa nne ni mimi, ninayejua mengi na kusema machache, na siku ninayoisimulia hilo lilikuwa kosa. Mezani palikaa sufuria ya jeshini ya Kamanda, juu yake mfuniko, juu ya mfuniko tofali. Ndani mlikuwa na njiwa. Kamanda alikuwa ameapa tangu jana asubuhi kwamba si njiwa.

Ushahidi wake ulikuwa huu. Droni ya majaribio ilipita juu ya nyumba yake, na papo hapo huyu akatua barazani. Hakuogopa. Alimtazama Kamanda kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, kama anayepiga picha mbili. Mguuni alikuwa na pete yenye namba. Kamanda akaniita, tukamfungia ndani ya sufuria asipeleke habari.

— Njiwa gani anakuja kwa mtu bila kuitwa? — alisema. — Hata mkwe wangu haji.

— Huyo ni droni yetu, — alisema Redio. — Upinde wa Mvua umeshazeeka, tunawauzia watu. Joka la Mabawa linabeba mabomu. Upanga Mkali hauna hata mkia. Sasa kuna lile limama, linazunguka na vitoto tumboni, likifika juu linavimwaga. Huyu ni kitoto, kaka. Kaanguka.

Kamanda hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Alikuwa ameona kwenye televisheni mvuvi wa pwani aliyenasa chombo cha kigeni wavuni, akavishwa ua jekundu na kupewa cheti. Msumari wa cheti chake alikuwa ameshaugongomea ukutani.

— Akiwa wetu sipati kitu, — alisema. — Nani atanipa ua kwa kuokota mali ya jirani? Mkwe wangu ananiita mpishi mbele ya wajukuu, jamani. Lazima awe wa kigeni.

Basi kwa heshima ya msumari, kikombe cha pili hakijaisha, njiwa akawa wa kigeni. Cha tatu kilipoanza alikuwa wa kigeni aliyeiga wetu, ambaye naye aliiga njiwa.

— Na kinyesi alichoacha barazani? — niliuliza.

— Grisi, — alisema Mhandisi.

— Manyoya?

— Rangi ya kujificha hiyo.

Nikawaambia kwamba nilipomshika nilisikia joto kiganjani, na kitu kikidunda mbio mbio.

— Injini, — alisema Redio, na wote wakatikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba mjinga ni mimi. Nikanyamaza. Nilijua nilichoshika, lakini ni vigumu kumng'olea rafiki msumari wake.

Redio akaona tundu dogo la mvuke kwenye mfuniko, akatoa bigijii mdomoni.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — alisema. — Mawimbi yanatokea hapo.

Mhandisi akamkamata mkono. Mashine isiyopumua hupasuka, alisema, pampu ngapi amezizika kwa ujinga huo. Hilo ndilo jambo la maana pekee lililosemwa siku hiyo, na sababu yake haikuwa sahihi.

Ndipo tukagundua kwamba mkwaruzo wa kucha ndani ya sufuria hatujausikia tangu mchana.

— Betri imekwisha, — Redio alisema kwa furaha.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, — alionya Kamanda, akarudisha kiti nyuma. Wote tukarudisha viti, watu wazima wanne, tukisubiri sufuria ilipuke.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, viatu vina vumbi. Alisema anaitwa Xiang, ametoka Fushun, na tangu asubuhi anapita duka moja la chai hadi jingine. Njiwa wake wa mashindano aliachiwa juzi na hajarudi nyumbani. Ni jike, kijivu, bawa moja lina doa jeupe. Wakichoka sana, alisema, hutua kwa mtu yeyote na hawaogopi, maana wamelelewa mikononi. Pete yake inaishia nne moja saba.

Mhandisi alikuwa ameziandika namba za pete kwenye pakiti ya sigara. Aliisoma, akaigeuza kifudifudi mezani.

Mimi ndiye niliyeondoa tofali. Njiwa alikuwa ameegemea ukingo wa sufuria, macho nusu yamefumba, mdomo wazi. Mama Xiang hakupiga kelele wala hakututukana. Alimtoa taratibu, akambana kifuani, akatutazama mmoja mmoja.

— Amekunywa maji lini mara ya mwisho?

Redio alitazama simu yake, ambayo haikuwa na video ya jambo hilo. Mhandisi alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa bado nimelishika tofali, na aibu yake hadi leo naisikia. Kamanda alikuwa akimtazama yule ndege tu. Kwa miaka kumi na minane alilisha askari mia tatu kwa siku, na sifa yake ya kweli, ambayo hakuwahi kutusimulia kijiweni, ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka jikoni kwake ana kiu.

Akaondoa kifuniko cha kikombe chake, akakiweka pembeni. Lao Yan akaja na birika, mvuke unatoka.

— Ya baridi, — alisema Kamanda.

Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwomba Lao Yan maji ya baridi. Alitutazama, akamwona njiwa, akaliweka birika chini na kukimbilia ndani.