Simu Ambayo Tayeb Kammoun Hakuitilia Sahihi

Aliyemweleza kwanza Selima, mkwe wa marehemu, kwa nini baba mkwe wake aliachishwa kazi ni Bi Mabrouka, aliyefanya kazi naye meza moja, jana jioni hapa uani, naye alieleza kwa sauti ya juu makusudi, kwa sababu wapo waliokuja kutoa pole huku wakinong'ona kwamba marehemu alifukuzwa kwa kuharibu simu.

Marehemu Tayeb Kammoun alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Sakiet Ezzit, akasoma hapo na mjini Sfax, kisha akasomea uhandisi Tunis, na mwaka 1978 akaajiriwa katika kiwanda cha simu za ofisini. Tarehe 5 Julai 1980 alimwoa Bi Chadlia wa Mahres, wakajaliwa Nizar na Faten, waliojua mlio wa simu wa kila nchi kabla ya kuijua ramani yake.

Zamani simu ya kuuzwa nchi nyingine ilifunguliwa kwa bisibisi ili ibadilishwe, lakini yeye alibuni simu ambayo fundi akiwa Sfax aliweza kuibadilisha ikiwa mezani Amman au Dakar, mlio wake, lugha yake na namba ya zimamoto. Mwaka 2004, akiijaribu, aliinua simu katikati ya mabadiliko, akapiga zimamoto, ikawa kimya, namba ya zamani imefutwa na mpya haijafika. Akasema hatatia sahihi simu itoke kiwandani mpaka itengenezwe ili namba ya zamani ibaki hadi mpya iingie.

"Ami Tayeb, utatuchelewesha," mkurugenzi alimwambia mbele ya wote. "Ni dakika moja tu! Nani atawaita zimamoto dakika hiyo?"

"Ambaye ofisi yake inaungua, mwanangu. Tia sahihi wewe, mimi sitii."

Aliachishwa siku hiyo hiyo, hakuomba radhi, nasi leo hatuombi radhi kwa niaba yake, kwa kuwa simu zile zilikaa ghalani mpaka zikarekebishwa kama alivyotaka.

Mwaka 2016 figo zilianza kumsumbua, akafariki jana mchana, tarehe 9 Novemba 2019, hospitalini Sfax. Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia kuskusi, na wafanyakazi wenzake, hasa walioambiwa wasije wakaja.

Jana usiku mtu wa kiwandani alimwomba Nizar aruke habari ya mwaka 2004 atakaposoma wasifu huu. Asubuhi hii Selima, anayeona haya hata kuuliza bei sokoni, alimtoa mumewe Nizar karatasi hii mkononi, akamwambia, "Nipe, nisome mimi. Siruki kitu."

Ndiye aliyewasomea haya yote. Pumzika kwa amani, baba, na sisi, kama wewe, hatujatia sahihi.