Maziwa ya Kanku

Zimeni radio, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Joyeuse, niinue kidogo. Na wewe Kalumba, mzaliwa wangu wa kwanza, vua hilo shati lenye picha ya mkubwa wa chama chako. Maneno ya mwisho siyasemi mbele ya uso wa mtu mwingine.

Nyumba hii ya Dilala, ambayo baba yenu aliipata kwa jasho la mgodini, naiacha kwa Joyeuse, na shamba la mihogo mlime wote wawili bila kugombana. Mali nimeimaliza mapema, kwa sababu si mali inayonizuia kufa.

Kalumba, ulipozaliwa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka, na aliyekuweka kifuani pamoja na binti yake Ngalula alikuwa Kanku, jirani yetu, mke wa Tshimanga, watu wa mkoa wa Kasai tuliochota nao maji bomba moja. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Kanku alikulea mpaka nikasimama. Halafu, ulipokuwa kijana, ukaja mwaka wa kufukuzana: kazi zinakufa, mishahara haiji, na wakubwa, badala ya kujibu njaa yetu, wakapanda jukwaani wakasema mwizi wa mkate wetu ni Mkasai. Ukasimama na vijana wa chama mbele ya mlango wa Kanku, mkaimba kwamba jua lisizame wakiwa ndani. Nilikuvuta mkono, ulinisukuma.

Tshimanga walimpiga mawe njiani, akafa. Kanku alikaa stesheni na watoto, juu ya simenti, akingoja treni isiyokuja, na kuhara kukapita kati yao kama moto kwenye nyasi kavu. Nilimpelekea chakula, bukari na sombe. Alikuwa amelala, macho yameingia ndani. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Henriette, Kalumba alikula?”

Niliporudi kesho yake, kikwembe chake cha kujitanda kilikuwa kimemfunika uso.

Leo kampeni zimerudi, nawe ni mgombea. Juzi, nikiwa nimelala hapa, nilikusikia kwenye kipaza sauti ukitishia kuwafukuza tena Wakasai: “Kama banakataa, tutabatosha sawa ile mwaka.” Nilipokuuliza, ukacheka: “Mama, ile njo politike tu, hakuna mutu atakufa.” Hata wakati ule walisema hivyo hivyo, mwanangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi wako haukujikwaa, unaijua njia. Na hao wanaokushangilia kwa ajili ya chuki, siku wakikosa wa kumchukia, watakugeukia wewe.

Basi shikeni haya. Mnizike bila bendera, bila vikwembe vya chama, bila hotuba. Ngalula amerudi mjini, anauza unga sokoni. Aje akae matangani kwenye mkeka wa wafiwa, kama mwanangu. Wa kumwita ni wewe, Kalumba, kwa miguu, bila vijana wako. Akikufungia mlango, usimlaumu.

Maji, Joyeuse... basi, yanatosha. Mungu akuzidishie, binti yangu, na uzao wako usilale njaa.

Kalumba, sogea. Nabariki mikono yako. Nabariki watoto wako... wote. Mdomo wako... ngoja nipumue... mdomo wako mimi siubariki. Baraka hiyo iko kwa Ngalula. Kaiombe.