Dawa ya Magoti

Treni ilijaa uchovu wa jioni. Mbele yangu, fundi cherehani aliyesahau futikamba shingoni alikuwa ameegemewa begani na mkewe, aliyelala fofofo. Pembeni yao alikaa mama mwenye sare za uuguzi.

"Mgonjwa?" muuguzi akauliza.

"Bora angekuwa mgonjwa, dada. Mchumba wa binti yetu katupeleka mkahawa mpya wa Kichina. Huyu hajawahi kuonja pombe. Kaletewa kinywaji cha tangawizi na mizizi, kasema mwenyewe hii ni dawa ya magoti. Kanywa glasi tatu, kumbe ni pombe."

"Na magoti?"

"Yamepona! Kasimama, kamkumbatia kijana, kamwita mwanangu, kasema harusi ipo. Na alikuwa amemkataa miaka miwili!"

Muuguzi akapiga miayo. "Pombe hutoa ya moyoni."

"Haitoi, inazua. Akiamka akakana, nitamtazamaje binti?"

Moyoni nilikuwa upande wa binti, ingawa hakuna aliyeniuliza. Binti mwenyewe alisimama mlangoni mwa behewa na mchumba wake, wameshikana mikono, wakicheka kimyakimya.

Treni ikasimama. "Baba, tumefika!" binti akaita. "Mwamshe mama."

Fundi aliinua mkono hadi karibu na bega la mkewe, akauacha hapo hapo hewani.