Risala ya Dada wa Ndorobwe, Tawi la Doha, kwa Mwenyekiti Aliyeleta Beji Kumi na Mbili

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Taifa wa Umoja wa Waliosoma Ndorobwe na Mwalimu Mkuu wetu wa zamani, shikamoo.

KUKUKARIBISHA

Sisi uliotusomesha Sekondari ya Wasichana Ndorobwe tunakukaribisha katika ukumbi huu mdogo wa Fereej Bin Mahmoud. Tulikutegemea saa nane, baada ya swala ya Ijumaa. Sasa ni saa kumi na moja. Tumearifiwa ulikuwa Lusail ukitazama maduka. Hatuna neno. Pilau tumeipasha moto mara mbili, sasa utaila kama ilivyo.

TULIKOTOKA

Tawi hili lilizaliwa miaka tisa iliyopita katika chumba cha hoteli moja ya West Bay, na mkunga wake alikuwa shuka. Dada yetu Warda, mtandika vitanda, alimwona mfanyakazi mgeni akikunja kona ya shuka kama bahasha.

"Wewe, kona hiyo nani kakufundisha?"

"Matroni wa Ndorobwe."

"Bweni gani?"

"Twiga."

"Mimi Swala. Basi umefika kwenu, mdogo wangu."

Mgeni yule ni Zuleikha, katibu wetu wa leo. Mgeni rasmi, ulitufundisha mengi na ulituahidi makubwa zaidi. Hapa Doha kilichotupa ugali ni ile kona ya shuka.

TULIYOYAFANYA

Sasa tuko kumi na watatu. Wengi wetu ni watumishi wa nyumbani, neno ambalo makao makuu hulitamka kama wamelionja wakalikuta limechacha. Ijumaa ndiyo siku yetu ya kupumzika, nayo tunaigawa: wawili huenda hospitali kukaa na wagonjwa wasio na ndugu, wengine humpokea msichana mgeni na kumfundisha Kiarabu cha jikoni kabla madamu hajaanza kumfokea. Pamela wetu alipofariki mwaka juzi, Warda alizunguka ofisi hadi ofisi siku tisa, mpaka mwili ukasafirishwa kwa mama yake.

Yote hayo tuliyaandika kwenye ripoti, tukaambatisha picha. Ukatujibu kwa mstari mmoja: picha za aproni haziifai kalenda ya Umoja, tupige nyingine tumevaa magauni, maghorofa yaonekane nyuma. Tukapiga. Kalenda ilipendeza kweli. Habari za Pamela hazikuwamo.

LINALOTUKERA

Umekuja na beji kumi na mbili. Barua yako imefafanua: Warda hakuhitimu, hivyo asivalishwe beji wala asiketi meza ya mbele.

Ni kweli hakuhitimu. Akiwa kidato cha tatu, na mimba ya miezi minne, ulimtoa mstarini ukamwamuru abebe godoro lake hadi getini, shule nzima ikitazama. Sisi tulikuwa pale, tukainamisha vichwa. Aibu ile ni yetu pia, na tumechoka nayo.

Vyeti tunavyo, tumevifungia masandukuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulazwa akauliza cheti chake kiko wapi. Sote tuliuliza Warda yuko wapi.

OMBI

Ni moja tu. Beji ziko kwenye sinia mbele yako. Ya kwanza mvalishe Warda. Atakayekosa ni Zuleikha, mwenyewe karidhia. Ukiona katiba inakukataza, rudi nazo zote kumi na mbili, maana hapa hakuna kifua kingine kitakachozipokea. Kalenda nayo itafute wanamitindo.

Usihangaike kumtafuta Warda ukumbini. Barua ilisema asiketi mbele, naye ni mtiifu tangu shule. Hakuketi. Amesimama, na ndiye anayekusomea.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na akukumbushe majina yetu yote.

Ni sisi,
Dada wa Ndorobwe, Tawi la Doha,
kumi na watatu.