Keria Mapajani

Tangu Ngulyati, keria ya baiskeli ilikuwa ikimchoma Sharifu ubavuni kila mara basi lilipoingia kwenye shimo. Keria yenyewe ilikuwa mapajani mwa mama aliyeketi pembeni yake, na mama huyo alikuwa akimfokea kijana wa kiti cha mbele kana kwamba ndiye aliyeifungua.

"Mume wangu ana miaka hamsini na mbili, mwanangu! Jana kafungua keria, kafungua na madigadi, eti baiskeli iwe nyepesi akazunguke nayo vilimani."

"Lakini kule raha, mama," alisema kijana, kofia yake ngumu ya baiskeli ikiwa magotini. "Wametenga njia ya baiskeli, changarawe tupu. Magari na bodaboda wamezuia, hakuna wa kukupigia honi."

"Njia ya kwangu haijapita gari tangu niolewe, na sijasikia mtu akiiita raha! Mahindi ya kupeleka mashine nibebe kichwani, madumu ya maji kichwani, ili yeye awe mwepesi?"

Sharifu aliona swali hilo lina haki, ila ubavu wake haukuwa na hatia.

"Keria inaongeza uzito mlimani, mama," kijana akasema.

"Uzito nimeubeba mimi leo asubuhi!"

Basi likasimama stendi ya Bariadi. "Sasa unaipeleka wapi?" kijana akauliza.

"Kwa fundi, aichomelee isifunguke tena."

"Aichomelee kwenye nini?"

Mama akaelekeza mdomo juu ya paa la basi, ambako utingo alikuwa akifungua kamba za mizigo. "Mume wangu yuko shambani kwenye pamba, atajua jioni. Shuka unisaidie kuipokea baiskeli yake, wewe mwepesi."