Nyuki Saba wa Fundi Awadhi

Gurudumu lililosawazishwa ni lile lisilo na upande mzito: likiachwa huru juu ya ekseli yake, hutulia popote liliposimamishwa, wala halichagui upande wa kuelekeza chini. Fasili hiyo imemtawala Fundi Awadhi Shaban kwa miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya pikipiki za kupelekea chanjo vijijini, Tabora, hadi anapostaafu leo, tarehe 30 Juni 2025.

Aliingia mwaka 1994 akiwa mwosha vipuri. Anatoka akiwa fundi mkuu. Katika muda wote huo hakukubali maneno "karibu sawa". Aliyeyatamka mbele yake alirudishiwa spana aanze upya.

Mwaka 2011, Nyamizi Lugembe, muuguzi wa huduma ya mkoba, anayewafuata wagonjwa vijijini, aliyekwenda Usoke kila wiki, aliandika barua ya kuomba kuacha pikipiki. Usukani ulitetemeka kiasi kwamba alifika mikono ikiwa na ganzi, na sindano haikutulia vidoleni. Wa kumbadili hakuwepo. Barua ingekubaliwa, kliniki ya Usoke ingesimama. Tairi lilikuwa jipya, rimu haikupinda, na mashine ya kusawazishia hatukuwa nayo. Fundi Awadhi aliomba siku mbili, akafungua gurudumu la mbele, akalibeba hadi kwake Itetemia.

Barazani alipanga vigoda viwili vya mninga na kuhakiki usawa wake kwa sahani ya maji. Aliosha grisi ya beringi kwa mafuta ya taa ili gurudumu lizunguke kwa wepesi, kisha akalaza ekseli juu ya vigoda. Wageni walikalishwa mkekani. Mkewe, Bi Maua, aliuliza iwapo gurudumu nalo liandaliwe chai. Upande uliozama aliutia chaki. Upande wa juu, mkabala wake, alibandika nta kidogo kidogo, ili akishaujua uzito unaotakiwa afunge kipande cha madini ya risasi chenye uzito huohuo kwenye spoki.

Hapo alifanya kosa ambalo pengine hufanyika Tabora tu, nchi ya asali: nta ilikuwa ya sokoni, haijachujwa, bado ina asali. Asubuhi, gurudumu likiwa limetulia kabisa, nyuki wakaanza kutua. Hakuwafukuza, aliwahesabu. Watano, kimya. Sita, kimya. Alipotua wa saba, gurudumu likageuka taratibu, nyuki wote wakiwa juu yake kama abiria waliokata tiketi. Bi Maua anashuhudia kwamba mumewe alicheka hadi akakaa chini, mkekani, kwa kuwa vigoda vilikuwa kazini.

Tangu hapo karakana ina kipimo chake cha uzito uliozidi upande mmoja. Mafundi wetu huandika, bila kutabasamu, kwamba gurudumu fulani lina nyuki ishirini. Mkaguzi mmoja alikuta maneno hayo kwenye daftari la matengenezo, akauliza tumeanza lini kufuga.

Gurudumu lilipofungwa risasi na kurudishwa kwenye pikipiki, Nyamizi alikwenda Usoke, akarudi, akaomba barua yake, akaichana. Hadi leo anaendesha njia hiyo, na ndiye atakayemkabidhi fundi zawadi yetu: ndoo ya asali, iliyochujwa.

Fundi Awadhi, ahsante kwa kutudai usahihi. Kapumzike kwa afya njema, na wageni wa Bi Maua warudishiwe vigoda vyao. Umetuachia jambo moja tu ambalo fasili yako haituruhusu kulipita: gurudumu lisilotikiswa na nyuki sita limesawazika kweli, au linajua tu kunyamaza?