Miaka Thelathini na Minne ya Kusikiliza Kisichosikika

Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Sikio anastaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi na halijasumbuliwa tangu lilipoandikwa. Sisi sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita hivyo, naye huitika.

Alianza kama fundi wa mabomba. Kituo chetu cha utafiti wa anga kilikuwa kimetega vyombo vinne uwandani, kila kimoja kimezungukwa na mabomba ya plastiki yenye vitundu, ili kunasa sauti nzito mno ambazo sikio la binadamu haliziwezi. Nyigu walivipenda vitundu vile kuliko watafiti. Kazi yake ilikuwa kuvizibua kwa waya, na kwa miaka miwili alirudi nyumbani na mikono iliyovimba. Siku moja akauliza ni nini hasa alichokuwa akikizibulia njia. Akafundishwa, na haukupita muda mrefu mwanafunzi akawapita walimu.

Jambo lenyewe ni hili. Mawimbi ya bahari kuu yanapogongana hutoa mvumo usiosikika. Mvumo huo hupanda angani kilomita hamsini hivi, juu kuliko yafikapo maputo ya hali ya hewa, na upepo mkali wa huko huuinamisha ukarudi chini. Anayeunasa hapa anaweza kujua upepo wa juu unaelekea wapi. Nusu ya mwaka sisi husikia bahari ya magharibi. Nusu ya pili, ya mashariki.

Bi Sikio alikuwa na desturi ya kuuharakisha mvumo huo mara mia kadhaa ili usikike kwenye spika. Ni kama mtu mzito anayepumua usingizini, chumba cha pili. Mhudumu wa usafi aliusikia mara moja tu, akaweka fagio chini taratibu, na tangu siku hiyo chumba kile hufagiwa na Bi Sikio mwenyewe.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, katikati ya msimu wa magharibi, pumzi ile ilikatika. Kwa siku mbili spika haikutoa kitu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua linawaka dirishani, ikaanza tena, na grafu ikaonyesha kwamba sasa inatoka mashariki, upande wa mlango. Tulikuwa watu watatu chumbani. Kila mmoja aligeuza kiti chake ili asiupe mlango mgongo.

Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyekuwa mkuu wa vyombo. Aliandika ripoti kwamba nyaya zimeingiliana na kwamba kumbukumbu zote za siku zile, ambazo zilifika tisa, zifutwe. Mkurugenzi wa wakati huo akakubali. Bi Sikio aliukagua uwanda mzima kwa miguu, waya baada ya waya, kisha akaja ofisini viatu vimejaa vumbi akakataa kutia saini.

"Mashine ni nzima," alisema. "Upepo wa juu ndio uliogeuka. Kama hamniamini mimi, basi msiifute bahari."

Hakupaza sauti. Akahamishiwa ghalani, na nakala ya zile siku tisa akaenda nayo.

Alikaa ghalani miezi kumi na mmoja. Ndipo ikaja taarifa ya kituo cha mbali kinachopima anga kwa miale ya mwanga: tarehe zile zile, anga ya juu ilipata joto la ghafla na upepo wake ukageuka. Duniani kote wataalamu walikuwa wakitafuta vituo vilivyousikia mgeuko huo. Mwandishi alishuka ghalani kumpa habari, akamkuta anabandika lebo kwenye makopo ya skrubu. Hakujigamba. Aliuliza tu, "Mabomba yangu anayazibua nani?"

Siku hizo tisa leo ndizo tunazofundishia kila mwajiriwa mpya. Na mimi, niliyetaka zifutwe, sikumwomba radhi siku ile ghalani, nilizungumzia nyigu. Naomba sasa, dada yangu, mbele ya wafanyakazi wote.

Mumewe, seremala, anasema kwamba nyumbani mkewe huyu hasikii hata akiitwa mara tatu. Wajukuu wamelithibitisha hilo.

Katika makabidhiano ameacha jalada moja ambalo halijafungwa. Miaka mitatu iliyopita, kwa siku tano, hakuna bahari yoyote iliyosikika, si ya magharibi wala ya mashariki. Vyombo vilipimwa vyote, vizima. Vituo vingine havikuona ajabu yoyote. Chini ya ukurasa ameandika kwa mkono wake neno moja: "Sijui." Anayerithi kiti chake ameomba kisogezwe karibu na dirisha.

Bi Sikio, ahsante kwa masikio yako na kwa ukaidi wako. Kimya umekisikiliza vya kutosha. Tunakuombea afya njema, miaka mingi, na nyumba yenye kelele kuanzia asubuhi hadi jioni.